Mapigo yamerudi, sasa presha: mwongozo kamili wa saa za kwanza baada ya moyo wa mtoto kusimama

Anayekandamiza kifua anaachia, mwenzake anagusa mshipa wa paja na kusema "yapo", na chumba kizima kinashusha pumzi. Mmoja anatoka kwenda kuwaambia wazazi. Mwingine anaanza kuokota maganda ya sindano sakafuni. Monita inaonyesha presha 118 kwa 70, nzuri kuliko ya baadhi yetu tuliosimama pale. Dakika kumi baadaye ni 62 kwa 30, na hakuna dawa iliyoandaliwa, kwa sababu hakuna aliyeitarajia.

Nimeliona tukio hilo zaidi ya mara moja, kila mara na timu iliyofanya kazi nzuri sana hadi dakika mapigo yaliporudi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia pale ambapo mafunzo mengi ya kuhuisha huishia. Nimewaandikia wauguzi, matabibu na madaktari wanaobaki na mtoto baada ya wengine kutawanyika. Kwa ufupi ninachowaomba ni hiki: chagueni namba ya presha mnayoilinda, na andaeni dawa ya kuilinda, wakati presha bado ni nzuri. Vipimo na dozi nilizoweka ni vya kawaida katika tiba ya watoto mahututi, lakini itifaki ya kituo chako na daktari mwandamizi aliye kando ya kitanda vina kauli ya mwisho.

Presha huanguka kwa nini

Moyo wa mtoto, tofauti na wa mtu mzima, mara nyingi hausimami kwa ugonjwa wa moyo wenyewe. Husimama baada ya mapafu kushindwa, au baada ya mshtuko (damu kutofika viungoni vya kutosha) wa maambukizi, kuhara au kutokwa damu kumaliza akiba yote. Kwa hiyo kabla ya kusimama, mwili ulikuwa tayari umekaa muda bila oksijeni ya kutosha, na mapigo yanaporudi yanaukuta umeumia.

Presha ya dakika za mwanzo ni ya kuazima. Inatokana na adrenalini mliyochoma wakati wa kuhuisha, na adrenalini hudumu dakika chache tu kwenye damu. Inapoisha, chini yake unakuta misuli ya moyo iliyoduwaa: inapiga, lakini kwa nguvu pungufu, na huweza kubaki hivyo kwa saa nyingi, pengine siku moja hadi tatu, kabla haijajirudi. Papo hapo mishipa ya damu, iliyokosa oksijeni kisha ikaipata ghafla, huanza kulegea na kuvujisha maji, hali inayofanana sana na mshtuko wa maambukizi. Juu ya hayo yote, kilichousimamisha moyo bado kipo mpaka ukiondoe. Halafu tunakuja sisi na mashine ya kupumulia iliyowekwa kwa presha kubwa na dawa ya usingizi iliyosukumwa haraka.

Ubongo ndio unaolipa. Damu inayoupita husukumwa na tofauti kati ya wastani wa presha ya mishipa (namba iliyo kati ya ile ya juu na ile ya chini) na presha iliyomo ndani ya fuvu. Ubongo wenye afya hujirekebisha: presha ikishuka kidogo, mishipa yake hutanuka na damu haipungui. Baada ya moyo kusimama, uwezo huo mara nyingi huharibika, au huanza kufanya kazi kwenye kiwango cha juu zaidi kuliko awali. Presha ambayo jana mtoto yuleyule angeivumilia akiwa amelala, leo inaweza kuuacha ubongo na kiu. Nao ubongo uliojeruhiwa mara moja hauna akiba ya kupokea jeraha la pili.

Ushahidi unasema nini, na hausemi nini

Presha kuanguka katika kipindi hiki si jambo adimu. Kulingana na jinsi walivyopima, watafiti wameikuta kwa takriban robo ya watoto hadi zaidi ya nusu, na tafiti zao zimerudia matokeo yaleyale: watoto walioshuka katika saa za mwanzo walikufa zaidi, na waliopona waliondoka na ulemavu wa ubongo zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2023, uliotumia takwimu za vitengo vya watoto mahututi vya Marekani, uliangalia saa 6 za kwanza na kukuta kwamba, kwa namba ya juu ya presha, mstari unaotenganisha vizuri waliopona na wasiopona uko kwenye pasentaili ya 10 ya umri.

Pasentaili ni hivi: panga watoto 100 wenye afya wa umri mmoja kuanzia mwenye presha ndogo kabisa. Wa tano ndiye pasentaili ya 5, wa kumi ndiye pasentaili ya 10, wa hamsini yuko katikati. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa 2020 ulitaka namba ya juu ya presha ibaki juu ya pasentaili ya 5. Ule wa 2025 ukaipandisha sakafu hadi pasentaili ya 10, tena kwa namba ya juu na kwa wastani pia.

Ukweli wa upande wa pili usifichwe. Tafiti hizi zinaonyesha kwamba presha ndogo na kifo huandamana, lakini hazithibitishi kwamba kuipandisha presha kwa dawa ndiko kunakookoa. Mtoto aliyeumia zaidi ndiye ambaye presha yake huanguka zaidi, na huenda angekufa hata kama ungeishika. Kwa watu wazima, jaribio la Denmark lililochapishwa 2022 lililinganisha wastani wa 63 na wa 77 kwa wagonjwa waliobaki bila fahamu baada ya moyo kusimama, na halikuona tofauti. Mimi ninachojifunza hapo ni kwamba sakafu ni lazima lakini hakuna tuzo ya kupanda dari. Usimwache mtoto chini ya mstari, wala usimjaze adrenalini ili monita ipendeze.

Hatua ya kwanza: andika namba ukutani

Ifanye ndani ya dakika tano za mapigo kurudi, au hata kabla, kama kuna mkono ulio huru. Kama una chati ya pasentaili kwa umri na jinsia, tumia pasentaili ya 10. Kama huna, hesabu hizi zinatosha kuanzia.

Sakafu ya zamani, yaani pasentaili ya 5 ya namba ya juu, ni 60 kwa mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja, 70 kwa wa mwezi 1 hadi 12, na kuanzia mwaka 1 hadi 10 ni 70 jumlisha umri mara mbili. Zaidi ya miaka 10 ni 90. Katikati ya watoto wenye afya, namba ya juu ni takriban 90 jumlisha umri mara mbili. Kwa wastani wa presha, kuanzia mwaka mmoja kwenda juu, pasentaili ya 5 ni 40 jumlisha umri mara 1.5, na katikati ni 55 jumlisha umri mara 1.5.

Tuchukue mtoto wa miaka 3 mwenye kilo 14. Tutakuwa naye hadi mwisho. Sakafu yake ya zamani ni 76, katikati yake ni 96. Kwa wastani, sakafu ni 44.5 na katikati ni 59.5. Pasentaili ya 10 iko hatua chache tu juu ya ile ya 5, kwa hiyo mimi ningeandika: namba ya juu isishuke chini ya 85, wastani usishuke chini ya 50. Kengele ya monita naiweka milimita chache (za zebaki, kipimo cha presha) juu ya hapo, ili ilie kabla hatujachelewa. Kengele iliyoachwa kwenye kipimo cha mtu mzima hulia muda wote mpaka mtu anaizima, na iliyozimwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu kila mtu anaamini ipo.

Namba iandikwe kwa kalamu nene mahali ambapo anayeingia zamu ataiona bila kuuliza. Kipande cha plasta kwenye fremu ya monita kinatosha.

Hatua ya pili: hakikisha unachopima ni presha

Mkanda wa presha usiolingana na mkono hudanganya. Puto lililo ndani yake liwe na upana wa takriban asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu unaozunguka asilimia 80 hadi 100. Mkanda mdogo husoma juu kuliko ukweli, na huo ndio uongo hatari hapa, kwa sababu unakuambia mtoto yuko salama. Mkubwa husoma chini. Mikanda midogo ndiyo inayopotea kwanza kwenye wodi, kwa hiyo iangalie kwenye sanduku la dharura leo, si usiku wa tukio.

Mashine ya kujaza mkanda yenyewe husoma mtikisiko wa mshipa. Inachokipima kwa uhakika zaidi ni wastani. Namba ya juu na ya chini inazikokotoa. Mapigo yakiwa dhaifu au hayana mpangilio, hujaribu mara tatu kisha huleta namba yoyote. Ukiona namba isiyolingana na mkono wa baridi na mapigo usiyoyahisi, amini mkono. Iweke ipime kila dakika 2 hadi 3 kwa saa ya kwanza. Kila dakika 15 ni mbali mno.

Panapowezekana, weka katheta ya ateri, yaani mrija mwembamba unaopima presha ndani ya mshipa wenyewe. Inaonyesha kila pigo, na inakuwezesha kuchukua damu ya kupima gesi bila kumchoma mtoto upya. Kihisio chake kikae usawa wa moyo, kwenye mstari wa katikati ya kwapa, nafasi ya nne kati ya mbavu. Kila sentimita 10 kikishuka chini ya moyo huongeza kama milimita 7 za uongo. Kikipanda, hupunguza kiasi hicho hicho. Nimewahi kusimama na wenzangu tukijadili kuongeza dawa kwa presha iliyoanguka ghafla, kumbe kitanda kilikuwa kimeshushwa na kihisio kikabaki juu kwenye nguzo. Sawazisha sifuri kila mtoto anapogeuzwa.

Niongeze jambo linalotangulia kidogo mada yetu. Kama katheta ya ateri ilikuwepo tayari wakati kifua kinakandamizwa, namba ya chini ndiyo ya kuitazama: angalau 25 kwa mtoto wa chini ya mwaka, angalau 30 kwa mkubwa zaidi. Watoto waliofikia hapo walipona zaidi.

Usiitegemee presha peke yake. Muda wa damu kurudi kwenye ngozi uliyoibonyeza, joto la miguu, mkojo (mililita 1 kwa kilo kwa saa ni alama nzuri), na lakteti (asidi inayojikusanya viungo vikikosa oksijeni) inayoshuka kwa saa, vyote vinaeleza kama damu inafika. Mtoto huweza kushikilia presha nzuri kwa kubana mishipa huku viungo vinakufa njaa.

Hatua ya tatu: tafuta kilichousimamisha moyo, maana bado kinaendelea

Kazi hii huenda sambamba na nyingine zote. Anza na oksijeni na mrija wa kupumulia: je, bado uko kwenye njia ya hewa, pande zote mbili zinapanda? Upande mmoja usiosikika, shingo yenye mishipa iliyotuna na presha inayozama ni hewa iliyonaswa kifuani mpaka ithibitike vinginevyo, hasa baada ya kifua kukandamizwa na mfuko wa kupumulia kupulizwa kwa nguvu. Hiyo haisubiri picha. Ingiza sindano.

Kisha glukosi. Ikiwa chini, toa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 2 hadi 5 kwa kilo, na upime tena baada ya robo saa. Potasiamu na kalsiamu vifuate. Misuli ya moyo wa mtoto mchanga hutegemea sana kalsiamu iliyo nje ya seli, na presha isiyoitikia dawa yoyote wakati mwingine huitikia kalsiamu. Fikiria damu inayotoka pasipoonekana, tumboni au kwenye paja; maji yaliyozunguka moyo; sumu au dawa aliyomeza; na kwa kichanga wa siku chache, moyo uliozaliwa na kasoro inayotegemea mshipa unaojifunga. Mwenye altrasaundi aiweke kifuani sasa. Dakika mbili za kuutazama moyo ukijikunja huokoa saa mbili za kubahatisha.

Hatua ya nne: maji, kwa mkono mfupi

Hapa ndipo mazoea yanapotuponza. Presha imeshuka, mkono unakwenda kwenye chupa. Lakini moyo ulioduwaa haupendi kujazwa. Anza na mililita 5 hadi 10 kwa kilo za salaini au ringa ndani ya dakika 10 hadi 20, na ubaki umesimama hapo. Kwa mtoto wetu wa kilo 14 hiyo ni mililita 70 hadi 140. Ikiwa historia inasema kuhara sana au kuungua, unaweza kwenda hadi 20 kwa kilo. Aliyetokwa damu anahitaji damu, mililita 10 kwa kilo, si chumvi na maji.

Kabla ya maji, weka alama ya kalamu kwenye ukingo wa ini. Baada ya maji, papasa tena. Ini likivuka alama, mapafu yakianza kutoa sauti ya mapovu, au mahitaji ya oksijeni yakipanda, umefika mwisho wa maji hata kama presha haijafika. Mara mbili bila jibu nazo zinatosha kukuambia kwamba tatizo liko kwenye moyo au mishipa.

Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, liliwashtua wengi: waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi, takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Watoto hao hawakuwa wamesimama moyo, kwa hiyo siwahamishii matokeo yao moja kwa moja. Lakini tangu nisome taarifa ile, mkono wangu unasita kidogo kabla ya chupa ya pili, na nadhani kusita huko ni kuzuri.

Hatua ya tano: dawa ya kushikilia presha

Chaguo la kwanza la wengi ni adrenalini kwa mfululizo, kuanzia mikrogramu 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwa dakika, ukipanda kadiri inavyohitajika. Inauimarisha moyo na kubana mishipa kwa pamoja. Ikiwa mtoto ana ngozi ya joto, namba ya chini iko chini sana na moyo unajikunja vizuri kwenye altrasaundi, mishipa ndiyo imelegea, na noradrenalini inafaa zaidi. Ikiwa presha inatosha lakini miguu ni ya baridi na moyo unajikunja kivivu, dobutamini au milrinoni husaidia. Milrinoni hulegeza mishipa, kwa hiyo usiianze kwa dozi kubwa ya kujazia kwa mtoto ambaye presha yake tayari imekaa ukingoni.

Hesabu inayorahisisha maisha ni hii. Uzito kwa kilo mara 0.3 ni miligramu za adrenalini au noradrenalini za kuweka kwenye bomba la sindano la mililita 50. Hapo mililita 1 kwa saa ni sawa na mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Mtoto wetu: 14 mara 0.3 ni miligramu 4.2, ongeza maji ya dripu hadi mililita 50, anza na mililita 0.5 hadi 1 kwa saa. Kwa dobutamini, uzito mara 15 ni miligramu za kuweka kwenye mililita 50, na mililita 1 kwa saa inakuwa mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika.

Kama hakuna pampu ya sindano, tumia chumba cha kupimia chenye tone dogo, matone 60 kwa mililita. Weka uzito mara 0.06 miligramu za adrenalini kwenye mililita 100. Matone 10 kwa dakika ni mililita 10 kwa saa, nayo ni mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Kwa kilo 14 ni miligramu 0.84. Njia hii inadai mtu wa kuhesabu matone, na mtu huyo asipewe kazi nyingine.

Sasa mtego ambao vitabu huutaja kwa sentensi moja na wodi huulipa kwa saa nzima. Kwa kasi ya mililita 0.5 kwa saa, dawa inayopaswa kupita kwenye mrija wenye nafasi ya mililita 1 itamfikia mtoto baada ya saa mbili. Pampu inazunguka, taa ni ya kijani, na mtoto hajapata hata tone. Kwa hiyo jaza mrija wote dawa hadi ncha kabla ya kuunganisha, unganisha karibu kabisa na mshipa, na pitisha pamoja nayo maji ya kubeba kwa kasi isiyobadilika. Ukisha kuanza, usisukume chochote kwenye mrija huo. Anayesafisha mrija kwa salaini anasukuma adrenalini yote iliyomo kwa mkupuo mmoja.

Mshipa mkubwa wa shingoni au pajani ni bora, lakini usiusubiri. Mshipa mzuri wa mkono au sindano ya mfupani inafaa kwa saa za mwanzo, mradi mahali ilipoingia paonekane, pasifunikwe na bandeji, na pakaguliwe kila saa. Ngozi ikipauka au kuvimba, hamisha mara moja.

Bomba la akiba liandaliwe lile linalotumika likibakiza robo. Mabadilishano ya bomba ni sekunde chache tu, lakini nimeona presha ikipoteza milimita 30 katika sekunde hizo. Kwa wenye pampu mbili, anza ya pili kabla ya kusimamisha ya kwanza.

Na kwa zile dakika ambazo pampu bado inatafutwa, kuna dozi ndogo ya kusukuma kwa mkono: chukua mililita 1 ya adrenalini iliyokwisha kuzimuliwa hadi miligramu 0.1 kwa mililita, ongeza mililita 9 za salaini, upate mikrogramu 10 kwa mililita. Mililita 0.1 kwa kilo ni mikrogramu 1 kwa kilo, sehemu moja ya kumi ya dozi ya kuhuisha. Mtoto wetu anapata mililita 1.4. Bandika lebo bomba hilo kabla hujaliweka chini. Lisilo na lebo litatumika kusafishia mrija.

Presha ikikataa licha ya dozi kubwa, rudi hatua ya tatu na uanze upya. Mpe haidrokotisoni mwenye sababu ya tezi zake za adrenali kushindwa, kama aliyekuwa akitumia steroidi kwa muda mrefu.

Hatua ya sita: usiiangushe kwa mkono wako

Mtu akishaingiwa na hofu hupuliza mfuko haraka. Kila pumzi ya kusukuma huzuia damu kurudi moyoni, na pumzi nyingi hushusha kabonidioksidi, ambayo nayo hubana mishipa ya ubongo. Matokeo ni presha ndogo na ubongo uliofungiwa mlango kwa wakati mmoja. Lenga kabonidioksidi ya 35 hadi 45 na oksijeni ya asilimia 94 hadi 99. Asilimia 100 inayoendelea kwa saa nyingi si zawadi.

Dawa za usingizi toa nusu dozi, polepole, adrenalini ikiwa tayari inapita. Propofoli naiogopa hapa. Midazolamu na mofini nazo hushusha. Degedege lazima litibiwe, kwani linakula oksijeni ya ubongo ulio taabani, lakini fenitoini na fenobabitali zikisukumwa haraka huangusha presha. Fenitoini isizidi miligramu 1 kwa kilo kwa dakika. Kufyonza makohozi, kugeuza, kupeleka kwenye picha: kila mojawapo lifanyike na mtu akitazama monita, na bomba la dozi ndogo likiwa mkononi.

Joto lisivuke 37.5. Majaribio mawili makubwa ya watoto, yaliyochapishwa 2015 na 2017, yalilinganisha kupoza hadi 33 na kushikilia 36.8, na kupoza hakukuonyesha faida iliyothibitika. Homa, hata hivyo, haina mtetezi. Kama kituo chako kinapoza, kumbuka kwamba baridi hubana mishipa na kufanya presha ionekane nzuri, kisha wakati wa kumrudishia joto mishipa hufunguka na presha huteleza. Rudisha polepole.

Kichwa kikiinuliwa nyuzi 30, ubongo unakaa juu ya moyo. Sentimita 10 za tofauti ni milimita 7 ambazo monita, iliyosawazishwa kwenye moyo, haitazionyesha. Kwa mtoto aliye ukingoni, hizo ni nyingi. Mlaze tambarare mpaka presha itulie, ndipo umwinue.

Saa zinazofuata

Saa 6 za kwanza zina uzito mkubwa kuliko zote, lakini hatari haiishi hapo. Baada ya saa ya kwanza, naomba presha irekodiwe angalau kila dakika 15 hadi saa 24, na kila mara iliposhuka chini ya mstari iandikwe imekaa huko dakika ngapi na nini kilifanyika. Dakika zilizojumlishwa chini ya mstari zinaeleza zaidi kuliko namba ndogo kuliko zote.

Presha ikikaa juu ya mstari kwa saa kadhaa, lakteti ikishuka na mkojo ukija, anza kupunguza dawa kwa mikrogramu 0.01 hadi 0.02 kwa kilo kwa dakika kila mara, ukisubiri saa moja kati ya hatua. Usipunguze dawa mbili pamoja, wala usipunguze dakika ya kubadilishana zamu.

Kuna presha moja ya juu isiyopaswa kukufurahisha. Ikipanda ghafla siku ya pili au ya tatu huku mapigo yakipungua na mboni moja ikitanuka, ubongo umevimba na mwili unapandisha presha ili damu iweze kuingia kwenye fuvu. Ukiishusha kwa dawa unafunga mlango wa mwisho. Mwinue kichwa, mnyooshe shingo, mpe salaini ya asilimia 3 au manitoli, na uite msaada. Kama manitoli ndiyo iliyopo, kumbuka kwamba inakojolesha, na presha itayadai maji hayo baadaye.

Wazazi watakuwa wameshaanza kuitazama monita kabla ya wewe kuwaeleza. Ninawaonyesha namba ya wastani na ile iliyoandikwa kwenye plasta, nawaambia tunataka hii ibaki juu ya ile, na kwamba namba nzuri usiku huu inaulinda ubongo lakini haitabiri ataamkaje. Swali la ataamkaje nalijibu baada ya siku kadhaa, uchunguzi wa mara kwa mara, kipimo cha umeme wa ubongo na picha, si kwa kuangalia mboni za saa ya kwanza, wakati adrenalini bado imo mwilini. Mama mmoja aliniuliza kama anaweza kumgusa wakati namba iko chini. Anaweza. Nilimwomba tu ashike mkono usio na sindano.